Kumlazimisha mwenzako anunue programu yako si ushirikiano

Juzi kwenye kikao cha mradi wasanifu majengo walitutangazia kwamba kuanzia sasa kila ofisi inayoshughulikia jengo lile itumie programu yao ya kuchorea, tena toleo la mwaka huu. Asiye nayo anunue. Hakuna aliyejali leseni hiyo inakula kiasi gani cha ada ya ofisi ndogo ya wahandisi kama yetu. Niliudhika, na bado nimeudhika.

Sababu waliyoitoa ni kwamba faili zinaharibika zikitoka programu moja kwenda nyingine. Ni kweli, na sisi wa miundo tunalijua hilo kuliko wao, kwa sababu sisi ndio tunaopokea. Angalia DWG, yaani faili ya mchoro, waliyotuletea ya ghorofa ya kwanza. Kati ya gridi C na D, yaani mistari ya kupangia nguzo, imeandikwa milimita 3600. Pima mstari wenyewe: 3570. Faili ilipokuwa inatolewa kwenye programu yao, vipimo vyote vilivunjwavunjwa. Namba ikabaki maandishi matupu, mishale ikabaki vistari, hakuna tena kinachoifunga namba na umbali inaoutaja. Kisha mtu akasogeza ukuta, namba ikabaki palepale. Aliyegundua ni kijana wetu aliyekuwa akiandaa orodha ya nondo za boriti, akaona urefu haukubali. Nguzo nazo zilikuwa leya moja, yaani tabaka moja la mchoro, na makochi ya sebuleni.

Lile la vipimo ni mpangilio tu wa kutolea faili. Unawekwa mara moja, unahifadhiwa, ofisi nzima inautumia. Nakubali kwa shingo upande kwamba tungekuwa na programu moja, kosa hilo lisingetokea. Lakini mengine yangetokea, kwa sababu jina moja la programu halitoshi. Chukua Revit, programu ya kuchorea majengo: faili yake ya mwaka huu haifunguki kwenye Revit ya mwaka jana, wala hakuna namna ya kuihifadhi irudi nyuma. Mwakani tutaambiwa tununue tena?

Wanaodhani hili ni tatizo la wasio na hela wakumbuke Airbus na ndege yao ya A380. Viwanda vyao vya Hamburg, Ujerumani, na Toulouse, Ufaransa, vyote vilikuwa vikichora kwa programu ya CATIA. Hamburg walikuwa bado kwenye toleo la 4, Toulouse wamehamia la 5. Ndege moja ina nyaya za kilomita 530 hivi, zinazopinda kwenye kila kona ya kiunzi. Vifungu vya nyaya vilivyoandaliwa Ujerumani vilipofika Ufaransa kuunganishwa, vikaonekana vifupi, havifiki. Wakapelekwa mafundi kutoka Hamburg kwenda kuzirekebisha kwa mkono. Mwaka 2006 ratiba ikaahirishwa tena na tena, na ndege ya kwanza ikakabidhiwa Singapore Airlines Oktoba 2007, karibu miaka 2 baada ya wakati uliopangwa. Kampuni kubwa kiasi hicho, na programu ya jina moja! Walichokosa ni mapatano yaliyosimamiwa kuhusu nini kinatoka upande huu, kwa umbo gani, na nani anakihakiki upande wa pili.

Mapatano hayo hayahitaji leseni mpya. IFC ipo, aina ya faili ya majengo isiyofungwa kwa programu moja, na tangu 2013 ni kiwango kamili cha ISO, shirika la viwango la kimataifa; programu zote kubwa za majengo zinaitoa na kuisoma. Ina udhaifu wake: ukiipokea unaona, unapima, unalinganisha, ila kuihariri ni kazi ngumu. Sawa, lakini mimi sitaki kuhariri ukuta wa msanifu. Nataka kujua uko wapi.

Na ofisi ndogo ikibanwa namna hii, wote tunajua inaishia wapi: programu ya wizi iliyokuja kwenye flashi, ikiwa na virusi vyake. Halafu mhandisi anasaini jengo la watu juu ya hesabu za kompyuta hiyo. Hilo linanitisha kuliko faili iliyovunjika.

Tumewaandikia barua. Tumeomba IFC na DWG ya 2013, vipimo visivunjwe, kila kitu kiwe kwa milimita, nguzo ziwe na leya yake. Tumeomba pia kona moja ya jengo iwe sifuri ya wote, na mpima ardhi atupe pembeni viwianishi vyake vya Arc 1960, yaani namba za mahali ilipo kona hiyo kwenye mfumo wa ramani. Ukichora moja kwa moja kwenye namba hizo za ramani, za UTM, ambazo hapa Dar zinazidi mita milioni 9 kutoka sifuri, programu nyingi zinaanza kutetemesha mistari. Kila faili iambatane na PDF iliyosainiwa, na vikitofautiana PDF ndiyo ishike. Sisi tutawarudishia boriti na slabu kwa IFC kila Ijumaa, na tuko tayari kuanza na ghorofa ileile ya kwanza.