Kompyuta Inapogawa Dawa

Hadithi za akili mnemba hospitalini zimezoea kuitwisha mashine kila ubaya: inaasi, inachanganyikiwa, inaua. Ndiyo maana nakipa heshima kipindi cha "Critical Care" cha tamthilia ya Marekani, Star Trek: Voyager, kilichorushwa Novemba 2000. Humo kompyuta haiasi wala haiharibiki. Inafanya sawasawa na ilivyoagizwa.

Daktari wa chombo cha angani, naye mwenyewe ni programu yenye umbo la mtu, anaibwa na kuuzwa kwa hospitali ya ugenini. Huko kompyuta iitwayo Allocator humpa kila mgonjwa alama kulingana na faida yake kwa jamii. Wenye alama kubwa hulazwa wodi iitwayo Buluu. Wengine hubaki wodi ya Nyekundu, na kijana Tebbis anafia huko kwa kukosa dawa ambayo wa Buluu wanadungwa ili tu mishipa yao isizeeke. Tena madaktari wa Buluu hawapunguzi matumizi, kwa kuwa mgao usipokwisha, unaofuata utakatwa. Aliyewahi kufanya kazi ofisi ya serikali mwezi Juni hahitaji kufafanuliwa hapo.

Meneja wa hospitali hiyo, Chellick, ana hoja, na si ya kupuuzwa. Dawa hazitoshi, kwa hiyo lazima mtu akose. Hata pasipo kompyuta, wodi yenye kitanda kimoja cha wagonjwa mahututi na wagonjwa watatu itachagua, na mara nyingine atakayepata ni yule ambaye ndugu yake amepiga simu. Kanuni iliyoandikwa angalau inaweza kusomwa na kupingwa. Ila kwa Chellick hakuna wa kuipinga: mgonjwa hajui alama zake zilivyopatikana, na daktari hana pa kukata rufaa.

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu programu iliyokuwa ikitumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu ilikisia uzito wa ugonjwa kwa kuangalia gharama za matibabu. Kwa kuwa Wamarekani Weusi walikuwa wakitibiwa kwa fedha kidogo kuliko Wazungu wenye maradhi kama yao, walionekana wazima kuliko walivyokuwa. Watafiti walikadiria kwamba kasoro hiyo ikiondolewa, sehemu ya Weusi kati ya wanaochaguliwa ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Hapo ndipo tamthilia inapopwaya. Chellick anajua anachofanya, ana sura, anakamatika. Daktari anamwambukiza ugonjwa wa Tebbis, anaifanya kompyuta imdhanie ni mgonjwa wa Nyekundu, na meneja anasalimu amri. Inafurahisha kutazama. Lakini kwenye programu ile ya Marekani ungemwambukiza nani? Aliyechagua gharama kuwa kipimo huenda aliona ndiyo takwimu iliyokuwa karibu, akaendelea na kazi yake.

Upande wa pili, wa akili mnemba inayosaidia, una ushahidi wa karibu nasi. Mwaka 2025 zahanati za Penda Health, Nairobi, na kampuni ya akili mnemba ya OpenAI zilitoa matokeo ya programu inayosoma anachoandika tabibu na kumwashia taa ya kijani (hakuna tatizo), njano (angalia tena) au nyekundu (pana hatari), huku uamuzi ukibaki kwake. Katika ziara 39,849 za wagonjwa kwenye zahanati 15, matabibu waliokuwa nayo walipungukiwa na makosa ya utambuzi kwa asilimia 16, na ya matibabu kwa asilimia 13, wakilinganishwa na wasiokuwa nayo. Wenye programu ndio waliokuwa miongoni mwa watafiti, hilo lizingatiwe. Hata hivyo, mgonjwa aliyepona kwa sababu tabibu alikumbushwa kupima hana haja na wasiwasi wetu wa kifasihi.

Mwandishi anayetafuta kisa kipya ningemwelekeza huko, kwa tabibu mwenye foleni hadi mlangoni ambaye taa nyekundu imemwakia tena, naye anaamini programu ndiyo iliyokosea. Akiipuuza mgonjwa akafa, ataulizwa kwa nini hakuitii. Akiitii mgonjwa akafa, ataulizwa yeye alisomea nini.