Hela ya pango ya miezi sita sio mshahara, jamani

Juzi saa tatu usiku mpangaji wa chumba namba mbili kanirushia meseji ya LUKU, chini kaandika "mama mwenye nyumba nimenunua umeme wa elfu tano wamekata 1,500 ya jengo, na zamu yangu kununua kila mwezi ndo inaangukia tarehe moja, kwa hiyo makato yananikuta mimi tu". Ana haki kabisa. Mita ni moja wanachangia, na kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, tangu ianze kukatwa kwenye umeme mwaka 2021 ilikuwa buku, 2023 ikapanda ikawa 1,500 kwa nyumba ya kawaida, wenye ghorofa 7,500 kila sakafu. Nikamrudishia hapo hapo. Ni hela ndogo lakini nimejifunza kwamba ndogo ndogo hizi usipozihesabu ndo zinakufanya ujione tajiri.

Mi nina vyumba vinne Chanika, chumba na sebule choo ndani, elfu 80 kila kimoja. Kwa mila zetu za Dar mtu analipa miezi sita, kwa hiyo mwaka wa kwanza wote walivyoingia wiki moja nilishika 1,920,000 kwa mpigo. Sitasahau. Nikanunua sofa, nikachangia harusi mbili, nikamlipia mdogo wangu ada, nikabaki natabasamu. Mwezi wa tatu shimo la choo likajaa, wapangaji wanapiga simu asubuhi na jioni, na mimi mwenye nyumba sina hata hela ya gari la majitaka, nikaishia kwenye mkopo wa kausha damu wa wiki mbili ambao riba yake hata kuitaja naona aibu.

Ile hela haikuwa yangu yote, ndo nilichokuja kuelewa. Mtu akikulipa miezi sita leo, miezi mitano bado hujamfanyia kazi, unamdai nini? Yeye ndo anakudai wewe, anakudai paa lisilovuja. Alafu kuna kodi ya zuio asilimia 10, hiyo inakatwa kwenye pango lote, haiulizi kama umetengeneza bomba au hujatengeneza, mpangaji anatakiwa aizuie na kuipeleka TRA. Toa 192,000 inabaki 1,728,000, gawa kwa sita ni 288,000 kwa mwezi kwa vyumba vinne, na hapo hakuna kitasa kilichovunjika.

Kwa hiyo sa hivi nina laini ya pili, haina mtu anayeijua zaidi ya wapangaji na dalali. Pango linaingia huko, tarehe moja najitumia fungu la mwezi tu, kama naajiriwa na nyumba yangu mwenyewe. Mume wangu ananicheka kwamba najilipisha makato ya kutuma bure. Acha acheke, sofa alikalia yeye.

Sasa kuna hili la mikopo, maana kila nikienda kazini kuna mtu anataka kukopa ajenge vyumba "halafu vijilipe vyenyewe". Vitajilipaje? Riba za nyumba kwetu zinacheza asilimia 15 mpaka 19. Chukua milioni 30 kwa 17, miaka mitano, rejesho linakaribia 746,000 kila mwezi. Vyumba vyangu vinaleta 288,000. Ile 450,000 na ushee iliyobaki inatoka kwenye mshahara wako, kila mwezi, miaka mitano, na chumba kikikaa tupu miezi miwili benki haikuongezei siku. Ndo maana mimi nilijenga kidogo kidogo miaka saba, mwaka wa tofali, mwaka wa msingi, bati zikakaa kwa jirani mpaka zikaanza kupauka, watu wakaniita mama gofu. Sisemi mkopo ni haramu, kumalizia lenta na bati kwa mkopo mdogo wa vikoba nilifanya na nikaurudisha, ila kukopa kuanzia kiwanja kwa matumaini ya pango, hapana, hesabu inakataa.

Chumba namba tatu mkataba unaisha mwezi ujao, dada wa pale anahamia kwa mume Mbagala. Dalali nimeshamwambia, na hela ya rangi ipo kwenye ile laini, nadhani ndoo moja itatosha, labda na kitasa cha jikoni.