Waongea Kihispania na Kireno wana ubingwa wao wa riadha, sisi wa Kiswahili tunangoja nini?

Kuna mashindano ya riadha ambayo huku kwetu karibu hakuna anayeyazungumzia, na mimi naona yangetufaa kuyafuatilia kuliko hata Diamond League, ile mikutano ya kila mwaka ya mastaa wa riadha. Ni Ubingwa wa Riadha wa Ibero-Amerika, yaani nchi zinazoongea Kihispania na Kireno zinakutana kushindana, Hispania na Ureno zenyewe, Brazil, Argentina, Kuba, Mexico, Kolombia na wenzao wa kule, na Waafrika pia wamo, Angola, Msumbiji, Cape Verde, Guinea-Bissau, Sao Tome na Guinea ya Ikweta. Yalianza Barcelona mwaka 1983, yakaenda Havana 1986, na tangu hapo yanazungushwa tu, leo Manaus kesho Sevilla, mara Medellín, mara Lisbon, mara Huelva, ya 2020 yalikwama kwa sababu ya korona lakini hawakuyaacha yafe, 2022 wakakutana La Nucía kule Hispania na 2024 wakawa Cuiabá, Brazil.

Najua wapo wanaoyadharau. Wanasema mastaa wengi hawaendi, rekodi za dunia hazivunjwi pale, basi ya nini. Mimi naona hapo ndipo watu wanapokosea kuielewa riadha, maana staa hana shida ya mashindano, staa anaitwa kila wiki na analipwa kwa kutokea tu. Mwenye shida ni yule binti wa Guinea-Bissau au kijana wa Paraguay ambaye kwao yeye ndiye namba moja, hana wa kumkimbiza, halafu siku ya kwanza anapokutana na watu wa kiwango ni kwenye Olimpiki, anatolewa kwenye hiti, yaani mbio za mchujo, na habari yake imeisha. Kwenye ubingwa kama huu anaweza kufika fainali. Fainali inafundisha vitu ambavyo mazoezi hayafundishi, kukaa chumba cha kuitiwa majina huku wapinzani wanakutazama, kusukumwa viwiko kwenye kona, kukimbia mita 1500 bila mtu wa kuvuta kasi ambapo lazima uamue mwenyewe unaondoka saa ngapi. Na siku hizi nafasi nyingi za Olimpiki na za Ubingwa wa Dunia zinapatikana kwa renki ya World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, ambayo inahesabu muda wako na pia ulishika nafasi ya ngapi kwenye mashindano gani, kwa hiyo asiye na mashindano ya maana anabaki chini hata kama miguu anayo.

Lakini kinachonivutia zaidi kwa wale watu ni lugha ilivyowasaidia. Angalia miruko mitatu ya wanawake, fainali ya Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021. Dhahabu Yulimar Rojas wa Venezuela, mita 15.67, rekodi ya dunia. Fedha Patrícia Mamona wa Ureno. Shaba Ana Peleteiro wa Hispania. Jukwaa zima ni familia ya Ibero-Amerika! Na ukichimba kidogo unakuta Rojas na Peleteiro walikuwa wanafanya mazoezi kundi moja, Guadalajara ya Hispania, chini ya kocha Iván Pedroso, Mkuba, bingwa wa Olimpiki wa kuruka mbali mwaka 2000. Mvenezuela anafundishwa na Mkuba kwenye mji wa Hispania, na hakuna mkalimani hata mmoja katikati, kocha akipiga kelele pembeni ya shimo la mchanga kwamba hatua ya pili ni fupi, anaeleweka hapo hapo. Ujuzi wa Kuba wa kuruka, ambao ni wa miaka na miaka, ulivuka bahari kirahisi namna hiyo. Paris 2024 kwa wanaume ndiyo kabisa, Jordan Díaz wa Hispania wa kwanza, Pedro Pichardo wa Ureno wa pili, Andy Díaz wa Italia wa tatu, wote watatu wamezaliwa Kuba. Sisemi ni ule ubingwa peke yake uliofanya haya, hapana, uhamiaji na pesa vimo pia, ninachosema ni kwamba watu wanaokutana mara kwa mara wakaongea lugha moja wanapeana ujuzi, wanajua nani ni kocha mzuri na kambi ipi inapokea wageni.

Sasa turudi nyumbani. Hivi kuna kanda gani duniani yenye utajiri wa mbio kama hii yetu jamani? Kenya sina haja ya kueleza. Uganda ina Akii-Bua aliyeshinda Olimpiki ya Munich 1972, mita 400 viunzi sekunde 47.82, ina Stephen Kiprotich aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya London 2012, ambaye alivuka mpaka akaenda kufanya mazoezi upande wa Eldoret, ina Chemutai, ina Cheptegei, nao mabingwa wa Olimpiki. Burundi ina Niyongabo, dhahabu ya mita 5000 Atlanta 1996, na Niyonsaba aliyechukua fedha ya mita 800 Rio. Tanzania ina Bayi, Nyambui, Ikangaa, na sasa Alphonce Simbu ambaye Septemba 2025 Tokyo alikimbia kilomita 42 akampita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari kwa tofauti ya sekunde 0.03, ikawa dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye Ubingwa wa Dunia. Sekunde 0.03 kwenye marathoni!

Na tulishawahi kuonana uso kwa uso tukatoa kitu cha dunia nzima. Christchurch, New Zealand, Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, fainali ya mita 1500. Filbert Bayi anaondoka na mlio wa bastola, hasubiri mtu, anawaacha wote nyuma, na watu wanaamini atakufa tu mbele ya safari. Hakufa. John Walker wa New Zealand anamkaribia kwenye nyoosho la mwisho, nyuma yake anakuja Ben Jipcho wa Kenya ambaye michezo ile ile alishinda mita 5000 na kuruka viunzi na maji, na Bayi anafika wa kwanza kwa 3:32.2, rekodi ya dunia. Kila nikiitazama naona Mtanzania na Mkenya waliolazimika kwenda mpaka New Zealand, kwenye mashindano ya waliotawaliwa na Mwingereza, ndipo dunia iwaone pamoja.

Mashindano ya kanda yapo, sikatai, ya vijana yapo na shule za sekondari za Afrika Mashariki zina michezo yao ya FEASSSA kila mwaka na zinafanya kazi kubwa sana. Ila ubingwa wa wakubwa wenye tarehe inayojulikana, mwenyeji anayejulikana miaka miwili kabla, unaorushwa laivu kwa Kiswahili ukamfikia mtu wa Bujumbura na wa Bukavu na wa Moroni kwa pamoja, huo hatuna.

Pingamizi la kwanza ninalolijua ni kwamba Kenya itachukua kila kitu. Kwenye mbio ndefu pengine, ndiyo, lakini weka sheria ya wanariadha wawili kwa kila nchi kila mchezo uone. Tena mbio ndefu sizo zinazonisumbua. Mimi nataka huu ubingwa hasa kwa ajili ya mkuki, tufe, kisahani, nyundo, kuruka juu, kuruka kwa ufito. Julius Yego wa Kenya alirusha mkuki mita 92.72 Beijing 2015 akawa bingwa wa dunia, na mwanzo alijifunza kwa kutazama video za YouTube kwa sababu hakukuwa na wa kumfundisha! Mrusha mkuki wa Dodoma na wa Gulu na wa Kigali wakikutana kila miaka miwili, Yego akiwa pembeni anawaelekeza kwa lugha wanayoisikia vizuri, hatutahitaji tena kungoja mtu mmoja mwenye moyo wa ajabu. Mbio fupi hivyo hivyo, Omanyala wa Kenya alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, Nairobi, 2021, jirani gani alipata faida ya kukimbia mstari wa pembeni yake?

Pingamizi la pili ni pesa na viwanja. Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa pamoja mashindano ya mpira ya CHAN Agosti 2025 na zimepewa AFCON 2027, kwa hiyo habari ya kwamba hatuwezi kushirikiana imeshakufa. Kasarani ina njia ya kukimbilia, Mkapa ya Dar ina njia, Namboole ya Kampala ina njia. Viwanja hivi vimekarabatiwa kwa ajili ya mpira, AFCON ikiisha ile njia itabaki inatazamwa tu na mechi za ligi. Kasarani imeshapokea ubingwa wa dunia wa vijana 2017 na 2021, waamuzi na wapima muda wenye uzoefu tunao.

Wapo watakaotaka yawekwe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani. Inapendeza kwenye bango lakini kiriadha ni tarehe mbaya, Julai wakubwa wako Ulaya au kambini. Mimi nasema Mei 2028, kabla ya Olimpiki ya Los Angeles, watu wapate pointi za renki wakiwa bado wana muda. Mwenyeji wa kwanza awe Dar, Mkapa, kwa sababu Tanzania imetoka kupata bingwa wa dunia na watoto wa Mbulu na Singida wanastahili kuona fainali za kweli bila kupanda ndege. Wakuu wa mashirikisho wakiwa wote kwenye AFCON hapo 2027 wakae siku moja tu waandike sheria na ratiba, nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Komoro waalikwe, na Msumbiji pia waalikwe, wao kule kwa wenzao wa Kireno wanakwenda na huku ni majirani zetu.