Mkasi wa Lotte Reiniger na siku 200 za msanii wa Dar

Wapenzi wa animesheni hapa Dar es Salaam wana hoja wanayoirudia kila wanapokutana: filamu fupi inayotengenezwa kwa mkono na mtu mmoja ni anasa. Hailipi, na televisheni haina pa kuiweka. Mwenye kipaji, wanasema, akae kwenye kompyuta, aingie studio, afanye matangazo na vipindi vya watoto. Hoja hiyo ina uzito, na ushahidi wake uko hapa hapa mjini. Ubongo Kids ilianza kuonekana mwaka 2014 ikitengenezwa Dar, na leo watoto wa nchi nyingi za Afrika wanajifunza hesabu kwa wahusika wake. Kazi ya ukubwa huo haiwezi kutoka kwenye meza ya mtu mmoja.

Lakini naona wanaotengeneza zile fupi wanahukumiwa kabla hawajatazamwa. Mfano wangu ni Lotte Reiniger, mwanamke aliyezaliwa Berlin mwaka 1899. Alikuwa akikata wahusika kwenye karatasi ngumu nyeusi, anaunga viungo vyao kwa waya, anawalaza juu ya kioo chenye taa chini na kamera juu, ili waonekane kama vivuli. Anasogeza mkono wa mhusika kidogo, picha inapigwa, anasogeza tena. Wengi humtaja kwa filamu yake ndefu ya mwaka 1926 iliyotokana na Alfu Lela Ulela. Mimi zinanishika zaidi zile fupi. Katika Cinderella yake ya mwaka 1922, dada wa kambo anaukata mguu wake kwa kisu ili kiatu kimwenee. Unatazama kivuli kisicho na macho wala machozi, na mwili unakusisimka. Anayedai vivuli havibebi hisia aitazame sehemu hiyo.

Tufanye hesabu. Filamu hupita kwa picha 24 kila sekunde, kwa hiyo dakika kumi ni picha 14,400. Ukipiga kila mkao mara mbili, kama wengi wafanyavyo kupunguza kazi, bado una mikao 7,200. Msanii anayemaliza sekunde tatu kwa siku, yaani mikao 36 iliyopangwa kwa vidole, atahitaji siku 200. Ni siku 200 za kula, za nauli na za kodi, bila kuuza chochote. Wapinzani wakifika hapo huona wameshinda. Kwangu hesabu hiyo inaonyesha mahali tatizo lilipo. Manila nyeusi, mkasi, kioo na taa ya LED unavipata Kariakoo kwa bei isiyomfilisi mtu, na simu yenye kamera nzuri wengi wanayo tayari. Kinachokosekana ni hizo siku, na mtu wa kuzilipia.

Tena siku hizo zina sharti. Husemwa kazi hii inamfaa mwanamke kwa kuwa inafanyika nyumbani, na hapo siwezi kunyamaza. Mtoto akiigusa meza, mkao umepotea na kazi ya asubuhi nzima huenda ikaanza upya. Mama aliyepanga chumba na sebule Sinza hana meza ya kuiacha ilivyo hadi kesho, maana jioni familia itakula hapo hapo. Reiniger alikuwa na mlango wa kufunga. Kwa ile filamu ndefu, mwenye benki Louis Hagen alimpa nafasi juu ya gereji yake Potsdam, na mumewe, Carl Koch, alishika kamera. Kwa hiyo wanaosema hakuwa peke yake wana haki kabisa. Tofauti yetu ni kwamba wao wanamalizia hapo, mimi nauliza nani hapa atatoa chumba cha namna ile.

Lawama moja dhidi yake siipunguzi hata kidogo. Katika filamu hiyo ya 1926 mwovu ni mchawi wa Kiafrika, na hakuna sababu ya mtazamaji wa Temeke kulimeza hilo. Mkono wa Reiniger una mengi ya kutufundisha, hadithi zake si lazima. Abunuwasi anatosha. Fisi na sungura wanatosha, na maumbo yao ya pembeni, masikio na mgongo ulioinama, yanafaa vivuli kuliko hata wana wa wafalme.

Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hutoa mikopo, na kwa mwenye studio au anayerekodi muziki mkopo una maana kwa sababu kuna mauzo yatakayoulipa. Filamu ya dakika nane haina mauzo hayo. Inaonyeshwa kwenye tamasha la filamu la ZIFF Zanzibar au kwenye kituo cha utamaduni mjini, inapigiwa makofi, na rejesho la mwezi linabaki pale pale. Kwa hiyo kwa filamu zisizofika dakika kumi ningependa kuona ruzuku badala ya mkopo, hata ikiwa ndogo, au chumba chenye mlango na umeme katika jengo la sanaa, kikabidhiwe kwa msanii mmoja kwa miezi saba. Siku 200 zinaingia humo.