Ozoni ya Goma haijatoboka, shemeji

Jumapili, sombe ikiwa bado motoni, shemeji yangu akanitumia picha: ramani ya Kivu ya Kaskazini, doa jekundu limekaa pale pale juu ya Goma. Chini imeandikwa OZONI IMETOBOKA, MSITOSHE WATOTO INJE. Akaongeza: "Yaya, unaona? Setilaiti haina uongo."

Ozoni ni ile gesi ya juu angani inayotukinga na jua. Setilaiti haina uongo, kweli. Uongo ni wa huyo aliyeikata picha na kutupa ule mstari wa rangi wa pembeni, unaosema kilichopimwa ni nini. Lile doa ni gesi ya salfa. Volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, zinapumua, basi. Zinapumua tangu bibi zetu hawajazaliwa.

Haya, nakubali shingo upande: kuchanganya mambo haya si ujinga mtupu. Kifaa ni kimoja. TROPOMI, kifaa cha setilaiti kilichorushwa 2017, hupita juu yetu kila siku kama saa saba na nusu mchana, inakamata mwanga wa jua unaorudi kutoka hewani, halafu inaangalia miale ya urujuanimno imemezwa kiasi gani. Ozoni humeza. Salfa nayo humeza, karibu miale ile ile. Hata wenye kazi yao waliwahi kushangaa: mwaka 1982, El Chichón ilipolipuka kule Mexico, kifaa cha setilaiti cha wakati ule, TOMS, kikaonyesha ozoni nyingi ajabu, kumbe ni salfa. Nyingi, shemeji! Volkano ikimdanganya mpimaji, humwonyesha ozoni imezidi. Hilo tundu lako limetoka wapi? Tundu lenyewe liko Antaktika. Sisi jua linatuchoma kwa sababu liko utosini.

Lakini kilichonikera hasa ni mazuku, ile hewa nzito inayotuama mashimoni na kuua. Mwaka jana mbuzi wa jirani alishuka asubuhi mapema kwenye shimo la mawe ya lava, hakupanda tena. Hewa hiyo ni kabonidioksidi, na TROPOMI kwa ile miale ya urujuanimno haiioni kabisa. Hata ingeiona, kipimo kimoja cha TROPOMI kinafunika kilomita 5.5 kwa 3.5, shimo letu ni pana kama jiko la mama. Basi hakuna picha nyekundu, hakuna herufi kubwa, hakuna wa kuituma kwenye grupu.

Jioni akapiga simu. "Sasa watoto watoke ao wasitoke?"

Watoke. Ila nyuma ya ukuta, kule kwenye shimo la mazuku, wasishuke, na kibao cha onyo kilichoanguka mkisimamishe kesho.