Baa za Mtwara, kwa Ushahidi wa Dereva Bajaji Asiyekunywa

Kuna swali nikiulizwa meno yananiuma. Mtu kashuka basi la Dar, kakaa kwenye siti tangu alfajiri mpaka miguu imevimba, begi bado liko mgongoni. Hajauliza gesti, hajauliza chakula. Anajitupa nyuma ya bajaji yangu pale stendi ya Mkanaledi, anasema: "Kaka, hapa Mtwara kunachangamka wapi?"

Nikijibu sijui, atasema watu wa kusini wachoyo wa maneno. Nikijibu najua, nimeshaajiriwa kazi isiyo na mshahara. Na mimi mwenyewe bia sinywi! Bibi yangu wa Mikindani alinisomesha Juzuu Amma kwa bakora, na zile bakora mpaka leo zinafanya kazi. Nikinusa kizibo tu mgongo unawasha. Baa nakunywa soda, tena ya kununuliwa. Lakini ukitaka habari za baa usimuulize mlevi. Mlevi anakumbuka alivyoingia. Alivyotoka, shahidi ni mimi.

Basi nasema mara moja kwa wote, mkija mniache niendeshe.

Kwanza mji wenyewe. Huu mji haukuchorwa na mtu aliyewafikiria walevi. Mwingereza alikuja na mradi wake wa karanga mwaka 1947, anataka alime Nachingwea huko, na karanga zikishavunwa zipate reli na bandari ya kutokea. Akachora barabara pana, mitaa imeachana, viwanja vya kupumua. Mwaka 1951 mradi ukafa. Bandari ikaja kukamilika karanga zenyewe hakuna, na reli nayo haikukaa. Kilichodumu ni umbali. Dar mtu anatoka baa hii anaangukia baa ile. Hapa ukitoka Shangani, ukataka kumalizia Majengo, unahitaji matairi matatu. Kwa hilo Mwingereza namshukuru, kaniachia ajira. Ninayemlalamikia ni abiria anayetaka azungushwe Shangani, Ligula, Majengo na Magomeni kwa nauli ya kituo kimoja, na kila akishuka ananiambia, "Nisubiri dakika tano." Dakika tano za baa zinaisha adhana ya alfajiri.

Halafu tazameni mwezi kabla hamjakata tiketi. Mgeni wa Aprili na mgeni wa Novemba hawaji mji mmoja. Minada ya korosho ikianza Oktoba, hela zikaingia kwenye akaunti za wakulima, watu wanashuka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi, na baa iliyokuwa na viti vitatu vya plastiki inaamka na viti hamsini. Wahudumu wapya wanatoka mikoa ya mbali. Gesti zinajaa, bia inapanda, na mimi napanda, sikatai. Msimu wa 2017, kilo ilipovuka shilingi 4,000, kila kijiwe kilikuwa na hadithi ya mtu aliyemnywesha mbuzi wake soda. Mbuzi mwenyewe sikumwona, ila kila msimuliaji alikuwa na hakika mpaka ya rangi ya soda. Mwaka uliofuata mnada ukavurugika, ikatangazwa korosho zinunuliwe na serikali kwa shilingi 3,300 kilo, malori ya jeshi yakaja kusomba, hela ikawa ya kusubiri. Baa zilinyamaza ukasikia mende wanapita. Daftari la madeni la mama mmoja mwenye grosari mtaani kwetu lilinenepa kuliko yeye.

Sasa mgeni anakuja Aprili, mvua inamwagika, mikorosho haina hata ua. Anaingia baa anakuta watu wanne: wawili wahudumu, mmoja mlinzi, wa nne kaja kuchaji simu. Ananigeukia mimi! "Mbona walisema kusini kuna hela?" Nani alisema? Zipo, ziko juu ya mti. Miezi hiyo wanaotuokoa ni madereva wa malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kuja bandarini. Wale hawana msimu, wana foleni, na foleni inakausha koo.

Mkisema mnataka pazuri, nitawapeleka Shangani, mpigwe na upepo wa bahari. Kule kuna mchanga, taa za rangi, pweza, na menyu yenye jalada gumu. Sehemu hizi zilinona enzi za gesi, wazungu wa mitambo walipojaa mjini. Kodi za nyumba zikapaa, kila mwenye chumba chenye choo cha ndani akajiita mwekezaji. Mwaka 2013 tukasema gesi haitoki Mtwara kwenda Dar. Mji ukachafuka. Gesi ikatoka. Mwaka 2015 bomba likazinduliwa, zaidi ya kilomita 500 mpaka Dar es Salaam, na wazungu wengi wakafunga mabegi. Menyu zikabaki, na bei zikabaki. Hilo ndilo linaloniudhi: mteja kaondoka, bei yake imekaa inamsubiri. Mgeni akifungua menyu ananitazama mimi, utadhani mimi ndiye niliyeichapa.

Na gesi hiyohiyo ndiyo inayowasha majokofu ya bia huko Dar. Hapa nasi tuna mitambo yetu ya umeme wa gesi, nayo ikiugua, mji mzima unatafuta mishumaa. Mhudumu hajali. Atakuja na tochi ya simu mdomoni, kwa adabu zote: "Ya moto au ya baridi?" Dada yangu, umeme umekatika tangu saa nane mchana, hiyo ya baridi inatoka wapi? "Ya baridi iliyopoa kidogo," anakujibu. Nimeshuhudia mtu mzima, na suti yake, anaagiza ya moto kwa hasira, ili angalau apate alichoagiza.

Mechi ya Simba na Yanga ndiyo usiseme. Umeme unangoja dakika ya 80. Unakatika mpira umetengwa, penalti inapigwa, watu mia wamesimama. Jenereta linavutwa kamba, linakohoa, linakataa. Taa zinarudi wachezaji wameshavua jezi, na hapo ndipo mtu anakataa kulipa bili kwa sababu timu yake imefungwa gizani.

Lakini mimi mkiniachia nichague nawapeleka Majengo. Kule ndiko baa inafanya kazi yake. Kuna mbili zimetazamana, barabara katikati. Hii inapiga singeli, ile inapiga rumba ya zamani. Ukikaa hii husikii ile, ukikaa ile husikii hii, lakini mimi niliyepaki katikati nasikia mzee wa rumba anakimbizwa na watoto wa singeli usiku kucha. Nimewaomba wenye baa wapatane, hii ipige leo na ile kesho. Walinicheka wote wawili, tena kwa pamoja. Ndiyo mara pekee nimewaona wanaelewana.

Sasa elimu ya mhudumu. Utakaa, ataleta bia, atafungua, kizibo ataacha mezani. Kile kizibo usikichezee, ndiyo risiti yako. Baa nyingine wanahesabu chupa tupu, na wajanja wanazisogeza kwa mguu mpaka chini ya meza ya jirani. Jirani akiamka kutoka kwenye fikra zake anakuta kanywa kreti. Ugomvi ukianza wananiita mimi, "Bajaji si ulikuwepo?" Nilikuwepo nje, jamani! Nje!

Bia ya pili haijafika nusu, mhudumu ataegemea meza na kuuliza, "Na mimi je?" Mgeni kutoka mbali anavimba kifua, anadhani kapendwa. Anasema chukua. Dada anaichukua, anaipeleka kaunta, hairudi. Ile chupa haikufunguliwa, imerudi kwenye friji na dada kabaki na chake. Simlaumu hata kidogo. Wewe ungelipwa anacholipwa yeye ungeomba kreti zima. Ninachokasirikia ni mgeni akishamnunulia "na mimi" za kutosha, anakuja kwangu kuomba apunguziwe buku kwenye nauli.

Chenji nayo haijawahi kuwepo. Sijui inakaa wapi, baa haikai. Ukidai elfu mbili na mia tano, utaambiwa, "Chenji hakuna, malizia na moja." Watu wamelewa hapa mjini kwa kukosa chenji tu, hawakuwa na nia. Mkisema mlipe kwa lipa namba, mtandao utazunguka mpaka mhudumu abadilishe zamu, na wa zamu mpya hakutambui wala haitambui hela yako.

Vyoo sivizungumzii. Nendeni mkiwa mmeshajisaidia.

Chakula nakisifia. Mishkaki, ndizi za kuchoma, kuku wa kienyeji mgumu wa kukupa heshima, na korosho za kuchoma zinazopitishwa mezani na vijana kwenye vipakti. Mgeni analia bei. Ananiambia, "Mtwara hii, korosho zinalimwa hapa, mnaniuzia bei ya Dar?" Ndugu, na wewe unaona inakuuma? Kwenye lile jiko la kitimoto mimi sifiki. Napaki ng'ambo ya barabara, na harufu nayo ningeiomba ibaki ng'ambo yake, ila haina adabu.

Wale wanandoa na watu wa utulivu wanataka Mikindani. Kuna lile boma la Mjerumani la mwaka 1895, siku hizi ni hoteli. Unakaa juu unaitazama ghuba yote na mitumbwi yake. Pazuri, sina la kusema. Tatizo ni langu binafsi. Mikindani kila mtu ni shangazi yangu. Bajaji yangu ikisimama karibu na sehemu yenye pombe, habari inafika kwa bibi kabla abiria hajafunguliwa chupa ya kwanza. Nikienda kumsalimia Ijumaa, mzee wa watu ananinusa. Ananinusa kwa zamu, bega hili, bega lile, halafu anasema, "Mjukuu wangu, soda haina harufu hiyo." Ni harufu ya siti, bibi! Siti imemwagikiwa! Hanielewi. Kwa hiyo abiria wa Mikindani nawashusha mbali, wapande kilima kwa miguu, na nikiulizwa nasema ni mazoezi.

Halafu kuna yule mgeni mjuaji. Huyu kasoma mahali. Hataki bia, anataka "vya asili". Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakiiva, watu wanakamua, wanaacha kichache, wanapata uraka. Ukiwa mpya ni mtamu kama juisi, na hapo ndipo mgeni anapokosea: anakunywa kwa kiu. Kichwa kinabaki salama, miguu ndiyo inayokataa. Nimeshawahi kumbeba profesa wa watu, anaongea sentensi zimenyooka, ana hoja, ana takwimu, ila kutoka kwenye benchi hadi kwenye bajaji alivutwa. Akishapona anadai nimpeleke kwenye nipa, ile gongo ya mabibo. Hapo nakataa. Gongo imekatazwa na sheria, na usiku wa msako wanaochukuliwa wa kwanza ni wenye vyombo vya usafiri nje. Mimi hata soda sijapata, nilale rumande kwa ajili ya utalii?

Kuna jambo moja la serikali nalisifu. Machi 1, 2017 viroba vilipigwa marufuku. Kabla ya hapo kila asubuhi nilikuwa nafagia vile vifuko chini ya siti, abiria kanywa njiani, baa yenyewe hajafika. Furaha yangu ilikuwa fupi. Vikaja vichupa vidogo vya mfukoni, na vichupa havifagiliki, vinabingirika. Ukikata kona vyote vinahamia kushoto, ukikata nyingine vinarudi kulia, na mimi naendesha duka la vyombo.

Muda wa kufunga? Sheria ya vileo ipo tangu 1968, na siku za kazi baa mwisho saa 5 usiku. Saa 5 ikifika wanafunga kweli, tena mlango wa mbele. Muziki unapunguzwa, taa ya nje inazimwa, na waliomo wamo. Kutokea ni mlango wa uani, kwa sauti ya chini, kila mtu anamnyamazisha mwenzake kwa "shiii" inayosikika hadi Chikongola. Tabu ni kwamba nje nimebaki mimi na taa zangu mbili. Askari wakipita wanamuuliza nani? "Wewe, unamsubiri nani usiku huu mbele ya baa iliyofungwa?" Nijibu nini? Nasema gari limezima. Wananisaidia kusukuma.

Na bado sijafika kwenye kuwarudisha. Mlevi akiingia kwenye bajaji anatoa amri moja: "Nyumbani." Nyumbani wapi, bosi? "Si unapajua." Sipajui! Umeshuka basi jana! Anaanza kunielekeza kwa mkono, kulia, kulia, kulia, kulia, tunarudi baa. Anafurahi, anashuka, anaagiza nyingine.

Kwa hiyo sasa hivi nimeweka utaratibu. Siwashi injini mpaka nipate nauli ya kwenda na kurudi, na abiria aniandikie kwenye karatasi, kwa mkono wake, gesti na mtaa anaolala. Wengi wanaona nawadhalilisha. Yule wa juzi hakubisha, mtu mwenye heshima zake, aliandika kwa herufi kubwa na jina lake chini. Usiku nikamshikisha karatasi yake, nikamulika na tochi. Akaisoma yote vizuri, akaikunja, akanirudishia, akaniuliza huyu jamaa anayelala Chuno ni nani, na kwa nini nimebeba barua zake.