Siri ya mtungi aijuaye kata: msamaha wa rais kwa watu wake

Kila 9 Disemba, siku ya Uhuru wa Tanzania, au siku mbili tatu baadaye karatasi zikikamilika, nje ya Gereza la Maweni hapa Tanga utakuta kina mama wenye vikapu na bodaboda wanaosubiri abiria. Wanaotoka kwa msamaha wa Rais ni wazee, wagonjwa, kina mama wanaonyonyesha, vijana waliobakiza miezi michache. Msamaha wa namna hiyo sijasikia mtu akiulalamikia. Rais hawajui hata kwa sura, nao hawajui lolote la kwake zaidi ya tunalolijua sote.

Ugomvi ulizuka barazani Ngamiani, kwenye kahawa, tulipoingia kwenye misamaha ya Marekani. Tulianza na ya Donald Trump ya 20 Januari 2025, alipowafutia makosa au kuwapunguzia adhabu watu wapatao 1,500 wa vurugu za kuvamia Bunge la nchi hiyo, tukarudi nyuma mpaka tukamfikia Scooter Libby. Mzee mmoja, karani wa zamani wa shamba la mkonge, akasema, "Mtu kakutumikia, kakusitiri, leo kashikwa nawe umtazame tu? Utu uko wapi hapo?" Mwalimu aliyekaa pembeni akamjibu, "Huo si utu, mzee wangu. Hayo ni malipo."

Nimelifikiria neno hilo siku nyingi, maana wote wawili wameshika kitu cha kweli.

Libby alikuwa mkuu wa ofisi ya Dick Cheney, makamu wa Rais George W. Bush. Julai 2003 balozi mstaafu Joseph Wilson aliandika gazetini kwamba alitumwa Niger kuchunguza habari za Irak kutafuta urani, hakukuta ushahidi, na serikali ikaendelea kuitumia hoja hiyo kuingia vitani. Siku nane baadaye mwandishi Robert Novak akaandika kwamba mke wa Wilson, Valerie Plame, ni mtu wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Kazi ya mama yule ilikuwa ya siri. Mwendesha mashtaka maalumu, Patrick Fitzgerald, akapewa kazi ya kutafuta nani aliyevujisha, na Libby alipohojiwa akadanganya. Machi 2007 akatiwa hatiani kwa makosa manne kati ya matano: kuzuia haki isitendeke, uongo chini ya kiapo mara mbili, na kuwadanganya wapelelezi. Hukumu ikawa miezi 30 jela na faini ya dola 250,000.

Tarehe 2 Julai mahakama ya rufani ikakataa kumwacha nje wakati rufaa yake ikisubiri. Saa chache tu baadaye Bush akaifuta miezi yote 30, akisema adhabu ilikuwa kali kupita kiasi. Faini akaiacha, hatia akaiacha, na muda wa kuwa chini ya uangalizi akauacha.

Ukitazama juu juu, hiyo ni huruma ya mtu aliyepima. Mimi naona pa kuangalia ni hapo kwenye kilichoachwa. Angemsamehe kabisa, Libby asingekuwa na kosa la kuogopa katika jambo lile, na kamati ya Bunge ingemwita na kumtaka aseme yote. Haki ya kutojishtaki mwenyewe isingemkinga. Kwa kuwa hatia ilibaki na rufaa ilikuwa bado mahakamani, kinga hiyo alikuwa nayo, na jela hakwenda. Siwezi kudai kwamba Bush alipiga hesabu hiyo, kwani lililo moyoni mwa mtu halisomeki. Lakini matokeo yalikuwa hayo. Kabla ya hukumu Fitzgerald alikuwa amewaambia wazee wa baraza la mahakama kwamba kuna wingu juu ya makamu wa rais, na limebaki hapo kwa sababu mshtakiwa amezuia haki. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hii ilirudishwa kabatini bila kuulizwa.

Hoja za upande wa pili si nyepesi, nami sipendi kuzipita haraka. Aliyemwambia Novak kwanza alikuwa Richard Armitage wa wizara ya mambo ya nje, na hakushtakiwa. Hakuna mtu hata mmoja aliyeshtakiwa kwa kosa lenyewe la kuvujisha jina. Mtu anafungwa kwa uongo kuhusu kosa ambalo halikumpeleka yeyote kizimbani: hapo wapo watu waadilifu kabisa wanaoona Libby alibebeshwa mzigo wa vita vya kisiasa. Zaidi ya hayo, Cheney alimbana Bush mpaka siku za mwisho za Januari 2009 atoe msamaha kamili, akisema haiwezekani kumwacha askari kwenye uwanja wa vita. Bush alikataa, na urafiki wao ukaingia ufa. Kama uaminifu ungekuwa unanunua kila kitu, Libby angetoka msafi siku ile. Alisubiri mpaka Aprili 2018, Trump alipomsamehe.

Ningekuwa upande wa Bush kwa hoja ya ukali wa adhabu, kama isingekuwa Victor Rita. Huyu alitumikia jeshi zaidi ya miaka 24, Vietnam na vita vya Ghuba vikiwemo. Naye alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki, akapewa miezi 33. Alikata rufaa mpaka Mahakama ya Juu akisema adhabu ni kubwa mno kwa mtu wa umri, afya na utumishi wake. Serikali ya Bush ndiyo iliyosimama mahakamani kusema miezi 33 inafaa. Rita alishindwa 21 Juni 2007. Siku kumi na moja baadaye, miezi 30 ikawa mingi mno kwa Libby. Katika miaka minane Bush alipunguza adhabu za watu 11 tu.

Mzee wetu alipoona nimeelemea huko akalikumbusha baraza habari ya pwani yetu. Wissmann, kamanda wa Wajerumani, alimnyonga Abushiri pale Pangani Disemba 1889. Mwaka uliofuata Bwana Heri wa Saadani alipoweka silaha chini, Wissmann huyo huyo akamsamehe. Kwa nini? Alitaka vita viishe. Mzee anasema mtawala anayesamehe hapaswi kuulizwa kama moyo wake ni safi; aulizwe nchi imepata nini.

Mfano wake ni mzuri kuliko alivyokusudia. Hamilton, mmoja wa waliotetea Katiba ya Marekani mwaka 1788, aliitetea nguvu ya msamaha kwa hoja hiyo hiyo: wakati wa uasi, neno la msamaha likitolewa saa yake linaweza kurudisha utulivu. Bwana Heri, hata hivyo, alikuwa adui wa aliyemsamehe. Hakuwa na siri ya Wissmann kifuani. Anayemsamehe adui anajinyima kisasi, lakini anayemsamehe mtumishi wake aliyenyamaza kwa ajili yake hajinyimi chochote. Mwaka huo huo wa 1788, huko Virginia, George Mason alihofu kwamba rais atawasamehe watu kwa makosa aliyoyashauri mwenyewe. James Madison, mtetezi mwingine wa Katiba hiyo, akamjibu kwamba Bunge litamwondoa. Jibu hilo linafaa kama rais bado ana muda madarakani. Bush mkubwa, baba yake George W., aliwasamehe watu sita wa kashfa ya kuiuzia Iran silaha siku ya 24 Disemba 1992, ameshashindwa uchaguzi. Kesi ya Caspar Weinberger, waziri wa ulinzi wa enzi za Rais Reagan, ilikuwa ianze 5 Januari, na maandishi ya Weinberger yalihusu vikao ambavyo Bush mwenyewe alihudhuria. Msamaha huo kwangu ni mbaya kuliko wa Libby, kwa kuwa ushahidi ulikuwa mlangoni.

Rais Ford, aliyemsamehe mtangulizi wake Nixon kwa kashfa ya Watergate mwaka 1974, mimi namweka mbali na hao. Watu wengi walikasirika, na huenda Ford alipoteza uchaguzi wa 1976 kwa ajili hiyo. Lakini kanda za sauti zilikuwa zimeshatoka, Nixon ameshajiuzulu, na Oktoba Ford akaenda mwenyewe mbele ya kamati ya Bunge kuhojiwa kuhusu msamaha aliotoa. Siri ilitangulia, msamaha ukafuata. Hiyo ndiyo mizani ninayoishika.

Nayo inatugusa nyumbani. Ibara ya 45 ya Katiba yetu inamruhusu Rais kumsamehe aliyepatikana na hatia mahakamani. Kwa maandishi tuko salama kuliko Marekani, ambako Nixon alisamehewa bila kushtakiwa. Ila huruma ina milango mingine. Wizi wa akaunti ya madeni ya nje, EPA, pale Benki Kuu ulihusu kampuni 22 na shilingi bilioni 133. Agosti 2008 Rais Kikwete, mtu wa Msoga upande wa Bagamoyo, alilieleza Bunge kwamba waliochukua wana hadi 31 Oktoba kurudisha, la sivyo wapelekwe mahakamani. Mabilioni yalirudi, na Novemba baadhi wakafikishwa mahakama ya Kisutu. Mwenye njaa hawezi kubeza fedha iliyorudi, na kesi za namna ile huburuzwa miaka. Lakini aliyerudisha kimya kimya hakupanda kizimbani, na asiyepanda kizimbani haulizwi nani alimfungulia mlango wa Benki Kuu. Wapinzani walidai sehemu ya fedha iliingia kwenye uchaguzi wa 2005, chama tawala kikakanusha, na madai yale hayakupata siku ya kupimwa kwa kiapo.

Ningeomba jambo moja liandikwe siku Katiba mpya itakapojadiliwa: kiongozi wa serikali, au aliyefanya kazi chini ya Rais, asisamehewe wala asiondolewe mashtaka kabla hajatoa maelezo yote kwa kiapo, hadharani. Akishasema, asamehewe hata siku hiyo hiyo, nami nitashangilia.

Mwalimu aliona nimemlegezea sana mzee. Mzee alikaa kimya mpaka muuza kahawa alipokusanya vikombe, ndipo akaniuliza, "Na yule askari wa Vietnam, nani alimsemea?"

Nikamwambia wakili wake tu, na majaji wanane kati ya tisa walimkatalia.